Picha Tisa Tulizoahidi Unguja

Boti ilipotia nanga katika bandari ya Malindi, Unguja, wiki moja baada ya Idi ya mwaka 2018, miongoni mwa mizigo yetu ilikuwamo kamera ambayo umri wake unazidi umri wa ndoa yetu. Aliiacha marehemu babu wa watoto wetu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyepiga picha za harusi na maulidi mtaani kwetu. Ni kamera ya filamu. Haina kioo cha kutazamia picha iliyokwisha kupigwa, haifuti kosa, wala haimsamehi mwenye haraka.

Tulikuwa na mikanda miwili ya filamu nyeusi na nyeupe, kila mmoja ukiwa na nafasi ya picha 36. Jumla ni picha 72 kwa siku tatu, kwa baba, mama, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka minane. Simu zetu tuliziacha mikobani kwa makusudi. Tulitaka watoto waone namna mtu anavyotazama kitu pale anapojua kwamba kila mtazamo una gharama yake.

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam tulikubaliana sharti moja: salamu kwanza, idhini pili, kamera mwisho. Sharti hilo hatukulibuni sisi. Surat An-Nur inatufunza kwamba mtu haingii nyumba isiyo yake mpaka abishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Tuliwaambia watoto kwamba uso wa mtu nao ni kama nyumba yake. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya picha, na wapo waumini wasiopenda kabisa kupigwa. Basi mwenye kukataa hana haja ya kutueleza sababu.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa katika kichochoro nyuma ya Darajani, ghorofa ya pili, yenye madirisha ya mbao mazito. Adhuhuri, tulipoyafunga ili tupumzike, kijana wetu alipiga ukelele. Palikuwa na tundu dogo katika ubao wa dirisha, na kutokana na tundu hilo mwanga ulikuwa umechora ukutani taswira ya kichochoro: baiskeli ikipita, kanga zikipepea kwenye kamba, watu wakitembea, vyote vichwa chini miguu juu. Hapo tukapata fursa ya kuwasimulia habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, ambaye mwanzoni mwa karne ya 11, huko Misri, aliandika Kitab al-Manazir. Aliwasha taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona kwamba mwanga wa kila taa hupita kwa njia yake iliyonyooka bila ya kuchanganyika na mwingine. Kamera ya babu si kitu zaidi ya chumba hicho kilichofanywa kidogo, ambamo badala ya ukuta kuna mkanda uliopakwa chumvi za fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga.

Mkanda wa kwanza tuliutumia kwa majengo. Ndani ya mfuko wa kamera mlikuwa na daftari la babu, na humo ameandika kanuni yake: siku ya jua kali weka kipenyo 16, na kasi ilingane na namba ya filamu. Kwa kanuni hiyo tuliupiga msikiti wa Malindi, ambao mnara wake wa umbo la pia ni wa nadra katika pwani yetu. Tuliipiga Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Tuliipiga milango: ile ya Kiarabu yenye vizingiti vilivyonyooka na michoro ya minyororo na mawimbi, na ile ya Kihindi yenye tao juu na njumu za shaba. Kila mlango ulituchukua dakika nyingi. Binti alikuwa na kazi ya kuandika katika daftari namba ya picha, mahali na saa. Kwa kuwa hatukuweza kupiga ovyo, tulijikuta tukiuliza maswali: nyumba ya nani, nani aliuchonga, kwa nini ubao wa kati una ua na wa juu una aya?

Beit al-Ajaib tuliliacha makusudi. Jumba lile linaelekea magharibi, baharini, na asubuhi jua huwa nyuma yake. Tulisema tutalipiga jioni ya siku ya pili, mwanga utakapolijaa usoni.

Siku ya pili, asubuhi, tukavisha kamera mkanda wa pili, tukaenda kwa watu.

Katika baraza moja, si mbali na pale paitwapo Jaws Corner, ambapo wazee hunywa kahawa na kucheza dhumna, alikuwapo mzee muuza kahawa na mabuli yake juu ya mkaa. Kabla hatujamfikia, mgeni mmoja alipita, akainua simu, akampiga picha tatu, akaenda zake. Mzee hakusema neno. Alivuta tu kofia yake mbele, kama mtu anayejikinga na jua, ingawa pale palikuwa na kivuli.

Tukamwamkia. "Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni kahawa."

Tukanywa, watoto wakapewa kashata. Baada ya mazungumzo ya bara na visiwani, bei ya karafuu na hali ya bahari, tukamwomba idhini. Akaitazama kamera kwa muda.

"Hii ya zamani," akasema. "Nyinyi mtanipiga, nami nimeridhika. Lakini niambieni jambo moja. Miaka yote hii nimekaa hapa, kila siku napigwa. Niko Ulaya, niko Uchina, niko kila pahala. Picha yangu mimi mwenyewe nitaiona wapi?"

Hatukuwa na jibu. Na swali lile lilituonyesha kwamba sharti letu, tulilojivunia, lilikuwa nusu tu. Kubisha hodi ni adabu, lakini ukiingia nyumba ya mtu ukatoka na kitu chake, hodi peke yake haitoshi.

Siku moja kabla tulikuwa tumepita katika Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, tukatazama picha za mji wa zamani zilizojaa ukutani. Sasa tukakumbuka desturi ya studio za aina ile. Mtu alivaa kanzu ya Idi au gauni jipya, akaenda kwa miguu yake, akachagua namna ya kukaa, akalipa, na baada ya siku kadhaa akarudi kuchukua picha yake. Aliyepigwa ndiye aliyekuwa mwenye picha. Siku hizi mambo yamepinduka kama ile taswira ya ukutani: mwenye kamera ndiye mwenye picha, na mwenye uso hana kitu.

Basi pale pale tukamwahidi mzee: inshaallah, picha yako tutakuletea mkononi. Tukamwandika katika daftari, na kuanzia hapo kila tuliyempiga tulimpa ahadi hiyo hiyo. Kufikia alasiri walikuwa tisa. Alikuwamo fundi wa kuchonga milango, kifua chake kimejaa vumbi la mbao. Alikuwamo kijana muuza samaki wa Darajani aliyemwinua pweza kama tuzo. Alikuwamo mama mmoja wa Mkunazini aliyekaa barazani akishona kofia ya viua. Huyu alitusikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mikono pigeni. Uso wangu una wenyewe." Tukapiga mikono: sindano, uzi mweupe, na pete moja ya fedha. Na yeye tukamwahidi.

Jioni tukasimama Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib. Tuliwasimulia watoto kwamba Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na watu wakaliita nyumba ya maajabu kwa mataa yake ya umeme na lifti yake. Tuliwasimulia vita vya tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari za Waingereza zilipoupiga mji mizinga kwa muda usiofika hata saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, liliangamia. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika. Nalo likabaki limesimama, na baadaye likaunganishwa na mnara wa saa. Kijana wetu akauliza, "Kwa hiyo haliwezi kuanguka?" Tukacheka, tukamwambia nyumba iliyoishinda mizinga haina wasiwasi.

Tukalipiga picha sita. Ndipo binti, mwenye kazi ya kuhesabu, akasema, "Hii ni ya 37." Haikuwa ajabu sana, mkanda huweza kuzidisha picha moja. Tukapiga nyingine. "38." Kijana akasema babu ametuongezea. "39." "40." Hapo kicheko kikatutoka.

Kila aliyetumia kamera ya namna hii anaijua hofu ile. Mkanda wa picha 36 hauwezi kufika 40. Tulirudi chumbani, tukazungusha kifundo cha kurudishia mkanda, nacho kikazunguka chepesi mno, bila ya ule uzito wa mkanda unaovutwa. Dalili zote zilitueleza jambo moja, lakini tulijipa moyo, kwa sababu filamu haifunguliwi ili itazamwe, ukiifungua umeiua. Hatukuwa na mkanda wa tatu, na boti yetu ilikuwa ya asubuhi. Tungeweza kurudi kwa wale watu tisa usiku ule tukawaambia ukweli. Hatukwenda. Tulipita karibu na baraza la mzee tukielekea bandarini, tukampungia mkono, naye akatuitikia, "Nasubiri picha yangu!"

Shemeji yetu anayeishi Uingereza ndiye aliyetuchukulia mikanda kwenda kusafishwa. Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Mkanda wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko tulivyotarajia. Wa pili ulikuwa mweupe kama kioo tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa namba ndogo za kiwandani pembezoni. Namba zile ndizo shahidi: zikionekana, kosa si la msafishaji. Maana yake ni kwamba mkanda haukupata kupita mbele ya lenzi hata mara moja. Tulipouvisha kwa haraka asubuhi ile, ncha yake haikushika katika kigurudumu cha upande wa pili. Kila tulipovuta na kubonyeza, tulikuwa tukibonyeza hewa. Watu tisa walikuwa wametulia, wametengeneza kofia na vilemba vyao, wametabasamu mbele ya kamera isiyoona.

Tulijadiliana kwa siku kadhaa. Kupiga simu na kuomba radhi kungetosha, tulisema. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyelipa. Lakini daftari lilikuwa mezani, na binti akasoma majina tisa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha akauliza, "Si mlituambia kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki?" Mzazi anayesomesha mwanawe madrasa asishangae siku somo likimrudia mwenyewe.

Mwezi wa Shaaban mwaka 2019, katika likizo fupi ya Aprili, tulivuka tena. Fedha zilizotupeleka zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya viti vya sebuleni. Viti vya zamani vipo hadi leo, na vinakalika. Tulikuwa na mkanda mmoja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa imepanda bei na kwetu haipatikani dukani kwa urahisi. Safari hii tuliuvisha taratibu, na kila tulipovuta tulikiangalia kifundo cha kurudishia: kikizunguka chenyewe, mkanda unakwenda. Hilo jambo dogo, msomaji mwenye kamera ya mzazi wake kabatini, ulishike.

Tulidhani kukiri kungekuwa kugumu. Fundi wa milango alicheka mpaka akaweka patasi chini. Mama wa Mkunazini alisema kofia ile ya mwaka jana imekwisha kuvaliwa na mwenyewe, sasa tupige hii nyingine, ni nzuri zaidi. Kijana wa samaki alikuwa amehamia Pemba. Tulizungumza naye kwa simu, akatusamehe, akatutaka twende tukampige huko huko. Wanane waliobaki tuliwapiga picha nne nne kwa tahadhari. Zikatumika 32, zikabaki nne, na hizo nne tuliziwekea Beit al-Ajaib.

Mzee wa kahawa tulimwacha awe wa mwisho, na alikuwa ametupangia mambo yake. "Safari hii hamnipigi na mabuli," alisema. "Nimewapa muda wa mwaka mzima, basi leo nachagua mimi." Akaingia ndani, akatoka na kanzu iliyopigwa pasi na bakora, akatuongoza hadi Forodhani polepole, akisalimiana na nusu ya mji njiani. Alitaka bahari iwe nyuma yake, kwani ujanani alikuwa baharia wa majahazi. Lakini jua la alasiri lilikuwa upande wa bahari, na uso wake ungetoka mweusi wote. Tukambembeleza ageuke, mwanga umpige usoni, mji uwe nyuma yake. Alikubali kwa manung'uniko. Tulimpiga nne zake.

Tulipokuwa tukiligeukia jumba, mjukuu wake alifika kutoka chuoni na juzuu mkononi. Mzee akamvuta ubavuni. "Na huyu je?" Tukatazamana. Zilibaki picha nne. Tukaambiana kwa sauti ya chini: jumba haliondoki, watu ndio huondoka. Tukawapiga wote wawili, picha zote nne, kamera ikakaza kwenye 36, na tukaondoka bila ya picha hata moja ya Beit al-Ajaib.

Shemeji alipita kwetu mwishoni mwa mwaka ule, akachukua mkanda. Kisha yakaja maradhi ya korona, safari zikasita, na bahasha ya picha ikatufikia Desemba 2020. Tulizihesabu, tukaona sura zote zimetoka, tukamshukuru Mwenyezi Mungu, tukaifunga bahasha kusubiri safari.

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba, habari zikaenea kutoka Unguja: sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib imeporomoka, pamoja na mnara wake wa saa, wakati wa ukarabati, na wapo waliopoteza maisha chini ya kifusi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tulikaa kimya sebuleni. Kijana wetu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, hakutukumbusha tulichomjibu mbele ya jumba lile, na tulimshukuru kwa hilo. Tulikuwa tumesema jumba haliondoki. Tulisahau kwamba mawe na chokaa navyo vina ajali yao.

Binti ndiye aliyeifungua bahasha tena. Akaitoa picha ya mzee na mjukuu wake, akaisogeza karibu na taa, akatuita. Nyuma ya bega la mzee, kwa sababu tulimgeuza auelekee mwanga, lilikuwapo Beit al-Ajaib: nguzo zake, roshani zake tatu, na mnara wa saa. Halikuwa limetoka sawasawa, maana lenzi ilielekezwa kwenye uso. Ncha ya mnara ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha. Lakini lilikuwapo. Tulipokwenda mara ya kwanza kwa ajili ya jumba, hatukupata jumba wala watu. Tuliporudi kwa ajili ya watu, jumba likatufuata lenyewe.

Januari 2021 tulivuka mara ya tatu na bahasha ya watu wanane. Kijana wa Pemba bado tunadaiwa, na daftari linalijua hilo. Mama wa Mkunazini aliipokea picha ya mikono yake, akaitazama, akaifunika kwa kanga. Fundi aliitundika yake palipokuwa na msumari tayari. Forodhani tulipita tukitazama uzio na pengo la mbele ya jumba, na wenyeji wakisimama pale kwa sauti za chini kama walio msibani.

Mzee aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliiweka mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Hakusema kitu mpaka kahawa yetu ikapoa. Halafu akamwita mjukuu, akamwonyesha kwa ncha ya kidole, si uso wake wala wa kijana, bali kile kivuli cha mnara begani.

Tumekwenda kumsalimu tena baada ya hapo. Picha iko katika fremu, juu ya mlango wa chumba chake, na majirani hupita kuitazama. Yeye hulalamika kwa kila anayekuja. "Wote wanatazama mnara," husema. "Nilivaa kanzu ya Idi, nikapigwa jua la macho, na hakuna hata mmoja anayenitazama mimi." Kisha hucheka, akamimina kahawa.